Utu, Unyama na Bilulu: Uhakiki wa Nadharia ya Asili ya Huruma

Mtu akimtendea mwenzake ukatili, Kiswahili husema ametenda unyama. Akimsitiri, akimlisha, akimwonea uchungu, husemwa ana utu. Jozi hii ya maneno imezoeleka katika mahubiri, hotuba, magazeti na hata katika uhakiki wa fasihi, kiasi kwamba haihojiwi tena. Inachukuliwa kuwa ni maelezo ya ukatili, ilhali ni lawama tu. Makala haya yanaikabilisha jozi hiyo na nadharia ya mtaalamu wa tabia za wanyama, Frans de Waal (1948–2024), Mholanzi aliyefanya kazi miaka mingi Marekani, ambaye maisha yake yote ya utafiti alidai kwamba chanzo cha huruma na cha maadili kimo ndani ya wanyama wenyewe. Baada ya hapo nadharia hiyo nayo inapimwa kwa mambo yaliyotokea katika mji wa Likasi mwaka 1992 na 1993, ambako suala la nani ni mtu na nani si mtu lilikuwa suala la kupona au kufa.

Hoja ya de Waal inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa pamoja na hoja aliyoipinga. Mwanabiolojia Mwingereza T. H. Huxley alifananisha maadili na bustani: binadamu ni mtunza bustani anayepigana bila kuchoka na magugu ya asili yake mwenyewe. Kwa mtazamo huo wema ni rangi iliyopakwa juu ya ubao. Ukikwaruza kidogo, mnyama anaonekana. De Waal aliukataa mtazamo huo tangu kitabu chake cha 1996, Good Natured, hadi The Bonobo and the Atheist cha 2013, akirudi kwa Charles Darwin, ambaye mwaka 1871 alikuwa amekwisha kuandika kwamba mnyama yeyote mwenye silika imara za kuishi kijamii angefikia aina fulani ya dhamiri, endapo akili yake ingekua kama ya binadamu. Yafaa kutambua kwamba msemaji wa Kiswahili anayetamka neno "unyama" yuko upande wa Huxley bila kumjua. Naye pia anaamini kwamba chini ya utu amelala mnyama anayengoja kuamka.

Ushahidi mzito wa kupinga imani hiyo umetoka katika nchi zinazosema Kiswahili na katika nchi hii hii. Bonobo hawapatikani porini mahali pengine popote duniani isipokuwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusini ya mto. Karibu na Kinshasa kuna hifadhi ya Lola ya Bonobo, iliyoanzishwa na Claudine André mwaka 1994 kwa ajili ya watoto wa bonobo ambao mama zao waliuawa na wawindaji. Huko Zanna Clay na de Waal walichunguza jambo moja: bonobo akipigwa na kubaki analia, nani humwendea? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wenzake humwendea, humgusa, humkumbatia. Na kwamba watoto waliolelewa na mama zao huwafariji wengine zaidi kuliko mayatima. Zaidi ya hayo, yule anayeweza kutuliza haraka hofu yake mwenyewe ndiye anayefaa zaidi kumtuliza mwingine. Katika kisiwa cha Ngamba, Uganda, utafiti wa 2007 ulionyesha sokwe wakimwokotea fimbo mtu wasiyemzoea, bila kupewa kitu. Na huko Wamba, katika msitu wa Kongo ambako Wajapani wamefanya utafiti tangu miaka ya 1970, taarifa ya mwaka 2021 ilieleza bonobo wawili wa kike waliochukua na kulea watoto wa makundi mengine. Mmoja wao alikuwa ajuza ambaye umri wake ulikadiriwa kupita miaka hamsini.

Tokeo la mayatima linastahili kusimamiwa kidogo, maana linagusa moyo wa nadharia yenyewe. De Waal alidai kwamba huruma ilianza katika malezi: mama asiyesikia kilio cha mtoto wake humpoteza, na kwa vizazi visivyohesabika waliobaki ni wazao wa mama waliosikia. Kutoka kwa mtoto, usikivu huo ulipanuka hadi kwa ndugu, kwa mwenzi, kwa mwanakundi. Mwanaisimu anayesoma hoja hii hawezi kukosa kukumbuka asili ya neno "huruma". Neno hili huhusishwa na mzizi wa Kiarabu unaozaa pia "rehema", "Rahimu" na "marehemu", na mzizi huo huo katika Kiarabu ndio unaozaa jina la tumbo la uzazi. Si hoja ya kibiolojia, na ingekuwa kosa kuifanya hivyo; wasemaji wa kale hawakuwa wamechunguza nyani. Lakini walikuwa wameona mama na watoto, na walilipa jambo hilo jina kutoka mahali lilipoonekana wazi zaidi. Kiswahili nacho kikakazia kwa njia yake: watu wanaopaswa kuhurumiana kupita wote ni ndugu wa tumbo moja. Tena, mtu wa Katanga husema anasikia njaa, anasikia baridi, anasikia huruma, kwa kitenzi kile kile anachotumia kwa sauti. Wataalamu wa Ulaya wamejaza kurasa wakitenganisha kumhurumia mtu na kuhisi anachohisi; katika kitenzi "kusikia" mambo hayo mawili hayajatengana bado, na pengine hakuna hasara.

Fasihi, hata hivyo, ilichukua njia nyingine. Mfano ulio bora ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1952. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, ambao majina yao ndiyo hukumu yao. Kwa hila walizomfanyia ndugu yao wanageuzwa kuwa manyani, na Adili analazimishwa na Huria, binti wa majini, awachape kila usiku. Wahakiki wamezoea kuisoma hadithi hii kama mafundisho ya uadilifu, na ndivyo ilivyo. Lakini katika muktadha wa makala haya, umbo la adhabu ndilo linaloshangaza. Kwa nini nyani? Katika kisa cha Alfu Lela Ulela kinachofanana na hiki, ndugu waovu huwa mbwa. Shaaban Robert alichagua mnyama anayekaribia sura ya mtu, ili anguko lipimike: umbali kati ya Hasidi aliyekuwa na Hasidi aliyekuwa nyani ndio umbali wa utu uliopotea. Hapa unyama ni ngazi ya chini, na mwovu huteremshwa kwenye ngazi inayomstahili.

Lakini hadithi yenyewe inamshinda msomaji anayetaka somo jepesi. Hasidi na Mwivu walitenda uovu wao wakiwa watu kamili, wenye lugha, wenye hesabu za biashara na mipango ya usiku. Wakiwa manyani hawamdhuru mtu, wanachapwa. Na Adili, anayewachapa kwa majonzi, anaonyesha huruma yake kwa viumbe walio mbele yake katika umbo la nyani. Kwa hiyo katika kitabu chenyewe uovu wote uko upande wa utu, na mateso yote upande wa unyama. Haieleweki kama Shaaban Robert alikusudia hivyo. Mwandishi hodari mara nyingi husema zaidi ya alichokusudia, na huenda hii ndiyo sababu hadithi hii fupi haijachakaa ilhali mafundisho mengi ya wakati wake yamesahauliwa.

Sarufi pia haikubaliani na jozi ya utu na unyama. Katika upatanisho wa kisarufi, mtu, mnyama na mdudu wote hukaa ngeli moja: mtu analia, sokwe analia. Msemaji anayemlaani mwenzake kuwa mnyama anaendelea kumpatanisha vile vile alivyompatanisha alipokuwa mtu. Huko Tanzania jina la kawaida la kiumbe huyu ni "sokwe mtu", na neno lenyewe ni la zamani katika eneo la Ziwa Tanganyika. Livingstone alilisikia Manyema kama "soko" katika safari zake za mwisho. Wangandu wa Wamba walikwenda mbali zaidi: kwa mila yao bonobo haliwi, kwa kuwa masimulizi yao yanamhesabu kuwa ndugu aliyebaki msituni. Hata neno "binadamu" ni nasaba, mwana wa Adamu. Mtu anayejiita kwa nasaba hapaswi kushtuka sana akiambiwa kwamba nasaba hiyo ni ndefu kuliko alivyodhani. Wapo watakaoshtuka kwa sababu za dini, na mjadala wao ni wa haki, ila hauhitajiki hapa: swali la makala haya ni kama ukatili umeelezwa ipasavyo na neno "unyama", na swali hilo linamhusu anayeamini uumbaji sawasawa na asiyeuamini.

Pingamizi lililo zito linatoka Gombe. Huko magharibi mwa Tanzania, ambako Jane Goodall alianza utafiti mwaka 1960, kundi moja la sokwe liligawanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwavizia wale wa kundi la Kahama, mmoja mmoja, na kuwaua mpaka kundi hilo likatoweka. Waliouawa hawakuwa wageni. Walikuwa wamekula pamoja na wauaji wao, wamechambuana manyoya. Msemaji wa "unyama" anaweza kusema: huu hapa ushahidi. Wala bonobo hawapaswi kufanywa malaika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kutoka hifadhi ya Kokolopori, Kongo, uliwalinganisha na sokwe wa Gombe ukaona kwamba madume wa bonobo hugombana wao kwa wao mara nyingi zaidi, ijapokuwa mauaji kama yale ya Kasakela hayajaonekana kwao. De Waal alilikubali pingamizi la Gombe kwa uaminifu. Alisema maadili yalizaliwa ndani ya kundi, kwa ajili ya kundi, na kwamba huruma ina mpaka tangu mwanzo. Kuivusha mpaka huo ni kazi ngumu ambayo binadamu ameianza juzi tu. Methali za Kiswahili zimekaa pande zote mbili za mpaka huo. "Mkono mtupu haulambwi" ni kauli ya wale wanaoona wema kuwa deni la kulipana, nao wana watetezi wao wengi katika biolojia. "Tenda wema nenda zako" inamtaka mtu atende bila kungoja malipo. Methali hizi hazikinzani kama zinavyodhaniwa darasani. Kila moja inajua upande wa mpaka inaposemwa.

Hapo ndipo Likasi inapoingia. Mji huu, ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni, ulikua kwa shaba na kobalti. Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliajiri wafanyakazi kutoka Kasai, na watoto wao na watoto wa Wakatanga walikulia katika kambi zile zile, wakisema Kiswahili kile kile. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Jimbo, lililoitwa Shaba wakati huo, liliwaka moto wa siasa, na Likasi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuungua. Vijana wa chama cha UFERI walikuwa mstari wa mbele. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, familia zikakimbilia stesheni ya reli na mashule, zikangoja treni ya kwenda Kasai kwa majuma na miezi. Wengi wa waliokuwa wakiondoka hawakuwa wameiona Kasai hata siku moja. Njaa na magonjwa viliwaua watu pale stesheni na ndani ya mabehewa. Mwaka 1993 mambo yale yale yakafika Kolwezi.

Katika siku hizo Wakasai waliitwa "bilulu". Ni neno la Kiswahili cha Katanga lenye maana ya wadudu, na limehifadhiwa katika maandishi ya wanahistoria na ripoti za haki za binadamu. Ingekuwa rahisi kwa mwanaisimu kusema kwamba tusi hili liliwatoa watu katika ngeli ya mu-/ba- na kuwatupa katika ki-/bi-, ngeli ya vitu. Hoja hiyo inavutia kupita nguvu zake. Kiongozi na kijana nao wana kiambishi hicho na hawadharauliwi. Kiboko na kifaru wanacho na wanaogopwa. Kiambishi peke yake hakimfukuzi mtu nyumbani kwake.

Jibu liko katika uteuzi wa kiumbe. Matusi ya Kiswahili yamejaa mbwa, nguruwe, nyani na punda, na mtu aliyetukanwa hivyo hubaki jirani. Kesho anaweza kuombwa chumvi. Wadudu ni jambo jingine. Mbwa akipigwa hulia, na mpigaji husikia. Mbuzi ana macho yanayotazama. Huruma aliyoichunguza de Waal hupitia uso, sauti na mwili: bonobo humwendea mwenzake kwa sababu amesikia kilio na ameona mkao wa maumivu. Mdudu hana uso unaosomeka, hana kilio kinachosikika, na katika lugha hana mama. Hakuna asemaye "mama wa mdudu" kwa uchungu. Vitenzi vinavyofuatana na wadudu ni vya usafi: kufagia, kufukiza, kupulizia dawa. Huko Rwanda mwaka 1994 redio iliwaita watu "inyenzi", yaani mende, na si kwa bahati kwamba lugha mbili jirani zilichagua kiumbe wa aina moja. Waliolitumia neno "bilulu" hawakuwa wamesoma biolojia, lakini walilenga mlango ule ule ambao huruma hupitia, wakaufunga.

Tusi hilo, basi, ni shahidi wa de Waal kuliko majaribio mengi. Kama chini ya utu angekuwa amelala mnyama mkatili anayengoja kuachiliwa, neno lisingehitajika; ingetosha kumwacha aamke. Neno lilihitajika kwa sababu chini kulikuwa na kitu kilichopinga. Watu walikuwa wamechota maji kwenye bomba moja, wameoleana, wamezikana. Ilibidi jirani afanywe mdudu kwanza, kwa hotuba na kwa nyimbo za barabarani, ndipo mlango wake uvunjwe. Sokwe wa Kasakela hawakuhitaji hotuba: utengano wao ulifanywa na miaka ya kuishi mbalimbali. Likasi utengano ulifanywa kwa maneno, katikati ya watu waliokuwa bado wanaishi pamoja, na kwa lugha ambayo mtukanaji na mtukanwaji waliirithi kutoka kambi moja. Jambo hilo halimo katika uwezo wa mnyama yeyote. Kuliita unyama ni kuwasingizia wanyama na kumpunguzia mtu hesabu yake.

Lakini hapa pia ndipo nadharia ya de Waal inapopungua. Yeye alishughulika sana kuthibitisha kwamba lugha si sharti la huruma, na alifaulu. Katika kufaulu huko akaiacha lugha nje ya hesabu. Alieleza kwa nini huruma ina mpaka, ila hakueleza ipasavyo jinsi mpaka unavyohamishwa ndani ya majuma machache, kutoka ukingo wa jimbo hadi ukuta wa nyumba ya jirani. Alijua kwamba uwezo wa kuhisi maumivu ya mwingine unaweza kutumiwa kumwumiza; mtesaji stadi anauhitaji. Septemba 2022, Lubumbashi, wezi waliiba watoto watatu wa sokwe kutoka hifadhi ya J.A.C.K., iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya sokwe yatima, wakadai fidia. Mdai fidia hategemei kitu kingine isipokuwa huruma ya mdaiwa. De Waal angekieleza kisa hiki vizuri. Bilulu asingeweza, kwa sababu hapo huruma haikutumiwa vibaya. Iliondolewa kwa jina.

Wapo pia ambao jina halikuwashinda. Kulikuwa na waliowaficha majirani zao, waliotunza funguo na samani, waliopeleka chakula stesheni. Nadharia inayosema utu ni rangi ya juu haiwezi kuwaeleza watu hao, kwa kuwa rangi yote ilikuwa imekwisha kukwaruzwa: serikali ya jimbo, chama na barabara vilikuwa upande mmoja. Nadharia ya de Waal inaweza kuwaeleza nusu. Waliendelea kusikia kilio. Nusu iliyobaki, yaani kwa nini neno lile lile liliziba masikio ya nyumba moja na kushindwa katika nyumba ya pili, bado haijaandikwa na mtu, si katika biolojia wala katika isimu.

Kwa upande wa isimu kazi ya kuanzia ipo na haihitaji fedha nyingi. Maana ya "bilulu" iliyotumika Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993 haina budi kuingizwa katika orodha za msamiati wa Kiswahili cha Katanga, pamoja na tarehe, mahali na mazingira ya matumizi, kama yanavyoingizwa majina ya zana za mgodi. Waliolisikia neno hilo wakiwa vijana sasa wana wajukuu, na baadhi yao, wale waliorudi kutoka Kasai na wale ambao hawakuondoka, wanakaa tena mitaa ile ile.